Somo la Toleo Hili: Kuchagua Lenzi ya Kila Siku kwa Kamera ya Kamati



Mara nyingi tumewahimiza kuambatanisha picha na taarifa za miradi. Kamati kadhaa zimetuuliza: tukishapata kamera, tununue lenzi gani ya kazi za kila siku? Tunajibu kwa kuanza na kosa letu wenyewe.

Kosa letu

Tulipewa fedha za kununua kamera na lenzi moja ya zuumu. Dukani tuliipenda lenzi ya milimita 24–105 kwa sababu ilivuta mbali. Safari ya kwanza tulikwenda kupiga picha ya akina mama waliojenga tangi la maji, wakiwa wameketi katika ofisi ndogo ya kijiji. Tulirudi nyuma hadi migongo yetu ikagusa ukuta, na bado hawakuenea wote. Walioonekana ni mwenyekiti, katibu na mhazini, waliokaa katikati. Wale waliobeba mawe walikaa pembeni, wakakatwa. Jarida lilipofika kijijini, mama mmoja alilipekua mara mbili akitafuta sura yake. Hakutulaumu. Alisema tu, "Kumbe siku ile sikuwepo."

Kwa nini ilitokea

Kamera nyingi za bei ya kati zenye kubadilishwa lenzi zina kihisi kidogo, cha aina iitwayo APS-C. Kihisi ni kile kibamba kinachopokea picha mahali pa filamu. Picha ya filamu ya kawaida ilikuwa na upana wa milimita 36. Kihisi cha APS-C kina kama milimita 22 hadi 24 tu. Kwa hiyo kinapokea sehemu ya katikati ya picha inayoletwa na lenzi, na kingo zinabaki nje. Lenzi inaonekana kama imevuta zaidi: mara 1.5 kwa kamera za Nikon, Sony na Fujifilm, na mara 1.6 kwa Canon. Namba 24 ya lenzi yetu ikawa kama 36.

Ukisimama mita 4 mbele ya kikundi, kamera yenye kihisi cha upana wa milimita 23.5 itaona upana huu:

- kwa milimita 16: karibu mita 5.9
- kwa milimita 18: karibu mita 5.2
- kwa milimita 24: karibu mita 3.9
- kwa milimita 55: karibu mita 1.7

Mambo manne ya kuangalia

*1. Namba ndogo kwanza.* Wauzaji husifu namba kubwa. Ninyi angalieni ile ndogo: iwe 16, 17 au 18. Mtu akiwa mbali, mpiga picha anaweza kumsogelea. Lakini ukuta ulio nyuma yake hausogei.

*2. Mwanga.* Namba kama f/2.8 au f/5.6 inaonyesha tundu la lenzi linavyofunguka. Kadiri namba ilivyo ndogo, ndivyo mwanga unavyoingia mwingi. Lenzi ya f/2.8 hupitisha mwanga mara nne ya f/5.6. Ukumbini, mahali ambapo f/5.6 inahitaji sehemu ya 1/15 ya sekunde, f/2.8 inahitaji 1/60 tu. Lenzi nyingi zina kituliza mtikisiko, nacho husaidia mkono unaotetemeka. Lakini hakimsaidii mtoto anayepiga makofi. Yeye atatoka na ukungu.

*3. Ioane na kamera.* Lenzi ya Canon haiingii kwenye kamera ya Nikon. Hata za kampuni moja hutofautiana: kamera ndogo za Nikon kama D3000 na D5000 hazina mota ya kulenga ndani yake, hivyo lenzi isiyo na mota yake mwenyewe italengwa kwa mkono. Nendeni dukani na kamera yenu, mpige picha kadhaa kabla ya kulipa.

*4. Hali ya lenzi iliyotumika.* Imulikeni kwa tochi. Mkiona nyuzi nyeupe kama za buibui, ni kuvu. Huota kwenye unyevu na husumbua sana maeneo ya pwani. Zungusheni pete ya zuumu: isikwame wala isilegee.

Tuchague ipi?

Ikiwa kamera yenu ilikuja na lenzi ya 18–55 yenye f/3.5–5.6, msiidharau. Ni nyepesi, ina upana wa kutosha, na kwa kazi za nje yatosha. Fedha zinazobaki zina matumizi mengine.

Ikiwa picha zenu nyingi hupigwa ndani, tafuteni ya 17–50 yenye f/2.8. Tamron na Sigma walizitengeneza kwa kamera za kioo zenye kihisi kidogo, na zilizotumika hupatikana. Kwa kamera mpya zisizo na kioo, Sigma walitoa 18–50 ya f/2.8 mwaka 2021, yenye uzito usiofika gramu 300 katika umbo lake la Sony.

Lenzi ya 18–200 huwafaa wanaotembea sana na hawataki kubadilisha lenzi. Lakini ni nzito kuliko 18–55, na ikivuta mbali hupitisha mwanga kidogo.

Kwa wafadhili wetu

Lenzi nzuri kwa kamera ya kihisi kikubwa inaweza kuwa finyu kwenye kamera ya parokia. Kabla ya kutuma, tunaomba muulize mambo mawili: kamera yao ni ipi, na picha hupigwa wapi?

Sisi tulirudi kijijini na lenzi ya 18–55 ya kuazima. Ofisi ile ile, ukuta ule ule mgongoni. Safari hii wote walienea, na yule mama alikuwa wa kwanza kushoto.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Tazameni picha za taarifa yenu ya mwisho. Ni akina nani wako katikati, na ni akina nani wamekatwa?
2. Pimeni chumba mnachokutania. Mpiga picha anaweza kurudi nyuma mita ngapi?
3. Je, mnahitaji lenzi mpya kweli, au kuisogeza meza na kufungua madirisha kungetosha?