Jicho la Mtoto Hukua Likijifunza Kuona

Mtoto mchanga anaona, ila kwa ukungu. Kinachomjia vizuri kidogo ni kilicho sentimita 20 hadi 30 kutoka usoni pake, yaani sura ya anayemnyonyesha. Jicho lake bado fupi: takriban milimita 17 toka mbele hadi nyuma, wakati la mtu mzima hufika 24.

Mwanga ukiingia jichoni hupindwa kwanza na konea, utando angavu wa mbele, kisha lenzi iliyo nyuma ya mboni humalizia, ili picha itue juu ya retina. Ukitoka kutazama mlima ukashusha macho kwenye simu, msuli unaoizunguka lenzi hujikaza, lenzi ikatuna, maandishi yakasomeka. Lenzi huwa ngumu kadiri umri unavyosonga. Ndiyo maana wengi wakifika miaka 40 na kitu huanza kusogeza kitabu mbali. Hao miwani ya kusomea huwatosha.

Kwa watoto, jambo ni zito zaidi. Katika jicho fupi picha ingetua nyuma ya retina, hivyo jicho hurefuka, hasa miaka miwili ya mwanzo, likiongozwa na picha yenyewe. Ubongo nao unajifunza. Jicho moja likileta picha hafifu, ubongo hulipuuza na kutegemea lenzake, na likiachwa hivyo mpaka ukubwani, hata miwani huenda isilirudishe. Tiba ya miwani, au ya kuziba jicho zima ili dhaifu lifanye kazi, hufaulu zaidi kabla ya miaka 7 hivi.

Tatizo hili linatuponyoka majumbani kwa sababu mtoto halalamiki: hajawahi kuona vingine. Basi mzibe jicho moja kwa kiganja akiwa anacheza, kisha la pili. Akitulia upande mmoja, lakini upande mwingine akalia na kusukuma mkono, mpeleke kliniki ya macho.

Macho ya kichanga kupishana mara mojamoja ni kawaida. Yakiendelea baada ya miezi minne, au jicho likiwa limepinda muda wote, hayo ni makengeza. Usisubiri yapone yenyewe, wala usitie jichoni maziwa ya mama au dawa za majani. Weupe ndani ya mboni ni dharura: huweza kuwa mtoto wa jicho au saratani. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Aliyeanza shule acheze nje kwa muda wa kama saa mbili kila siku. Mwanga wa mchana husaidia jicho lisirefuke kupita kiasi, hali inayomfanya ashindwe kusoma ubao akiwa nyuma ya darasa.