Hela za hewa ukaa: maswali ya kuuliza kabla kijiji hakijasaini

Leo tuwaache viwavijeshi kidogo. Baba mmoja wa hapa Kaengesa aliniuliza: "Bwana shamba, nasikia wenzetu wa Katavi wanalipwa kwa kutunza msitu tu. Wakija kwetu tusaini?"

Swali zuri. Ngoja tulichambue taratibu.

Hela inatoka wapi?

Nchi nyingi na kampuni kubwa zimeahidi kufikia "sifuri halisi", wengi ifikapo mwaka 2050. Maana yake, hewa ukaa wanayoitoa kwenye viwanda, magari na mitambo ya umeme isizidi ile inayoondolewa angani. Njia ya kweli ni kupunguza moshi wao. Ila wengine wanaona ni nafuu kumlipa mtu wa mbali atunze au apande miti kwa niaba yao. Tani moja ya hewa ukaa ni cheti kimoja, na cheti kinauzwa. Kwa hiyo mti wako unalipa deni la moshi wa mtu mwingine. Siyo sadaka, ni biashara.

Mifano miwili

Wa kwanza ni jirani. Wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi, vijiji vinane vinatunza misitu ya Ntakata pamoja na kampuni ya Carbon Tanzania. Hela inaingia kijijini, na imejenga madarasa na huduma za afya. Kilichosaidia ni kwamba msitu ni wa vijiji vyenyewe na mpango wa matumizi ya ardhi upo.

Wa pili ni Mlima Elgon, Uganda. Mwaka 1994 shirika la FACE la Uholanzi lilianza kupanda miti ndani ya mpaka wa hifadhi, ili kufidia moshi wa mitambo ya umeme ya kwao. Lakini wananchi walikuwa wanalalamika kwamba mpaka umepita kwenye mashamba yao, na watu walikuwa wameondolewa. Mwaka 2005 mahakama ilitambua haki ya Wabenet kuishi na kulima sehemu ya eneo hilo. Baada ya hapo miti mingi ilikatwa, mahindi yakapandwa. Mkulima alipoteza, mnunuzi wa hewa ukaa naye alipoteza.

Miti ni ileile. Tofauti ni ardhi ilikuwa ya nani na nani aliulizwa mapema. Ndiyo maana hata wanafunzi wa shahada ya uzamivu wanaofuatilia sera hizi wanarudi kwenye swali hilohilo la ardhi.

Maswali sita ya mkutano mkuu wa kijiji

1. Ni eneo gani hasa? Litembeeni kwa miguu, mipaka ionekane. Ramani peke yake haitoshi.
2. Nani analitumia sasa? Usiseme "ni pori tu". Hapa kwetu tunalima kwa ng'ombe. Eneo la malisho likifungwa, maksai watakula wapi? Kina mama watapata wapi kuni, na uyoga wakati wa masika?
3. Mkataba ni wa miaka mingapi? Mingi inafika 30 na zaidi. Mtoto wa leo ndiye atakayeubeba.
4. Kijiji kinapata asilimia ngapi, ya mapato yote au ya faida? Hapo watu wengi wanachanganywa.
5. Moto ukipita au bei ikishuka, hasara ni ya nani?
6. Mkataba uko kwa Kiswahili? Kama haupo, msisaini.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaipa halmashauri ya kijiji kazi ya kusimamia ardhi kwa niaba yenu, lakini haiwezi kuigawa bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Mwenyekiti na mtendaji hawawezi kuamua peke yao. Pia tangu 2022 kuna kanuni za biashara ya kaboni, na kituo cha taifa cha kufuatilia kaboni kipo SUA, Morogoro. Anayekuja na ahadi, mwambieni aonyeshe usajili wake, kisha mpeleke nakala halmashauri ya wilaya.

Cha kufanya bila kusubiri mnunuzi

Wazee wetu Wafipa walifukia majani kwenye ntumba badala ya kuyachoma. Hiyo ni kaboni inayobaki ardhini, na faida yake unaiona kwenye maharage yako mwenyewe. Fukia mabaki, acha kuchoma shamba, panda miti mipakani. Hilo halihitaji mkataba na mtu.

Kwa hiyo, baba, jibu langu ni hili: msikatae kabla ya kusikiliza, na msisaini siku hiyohiyo. Mgeni mwenye nia njema atasubiri mkutano wa pili.

Kazi njema, tukutane shambani.