Wazimamoto Wajue Kilichomo Bohari Kabla ya Moto Kuwaka

Mwenye bohari anapochukua bima ya moto, hujaza fomu ya maombi. Fomu huuliza jengo limejengwa kwa nini na ndani yake kumehifadhiwa nini. Akijibu kwa ukweli, kampuni ya bima hujua kwamba mle mna mapipa ya petroli, magunia ya mbolea au mitungi ya gesi. Karatasi hiyo huwekwa kwenye faili. Siku moto unapozuka, wanaofika langoni ni wazimamoto, na faili hiyo hawajawahi kuiona.

Tarehe 17 Aprili 2013, katika mji mdogo wa West, jimbo la Texas nchini Marekani, moto ulizuka jioni katika bohari la mbolea. Wazimamoto wa kujitolea walifika haraka. Takriban dakika 20 baada ya moto kuripotiwa, mbolea aina ya amonia naitreti ililipuka. Watu 15 walifariki, na 12 kati yao ni wale waliokwenda kuokoa. Bohari hilo lilikuwa limejaza fomu. Sheria ya Marekani ya mwaka 1986 inawataka wenye kemikali hatari wapeleke orodha kila mwaka kwa jimbo, kwa kamati ya eneo na kwa kituo cha zimamoto. Lakini uchunguzi uligundua kwamba wazimamoto hawakuwa wameelezwa wala kufunzwa vya kutosha kuwa mbolea ile ingeweza kulipuka. Upande wa bima nao ulikuwa na kasoro: kampuni moja ilikuwa imekataa kuendelea na bohari hilo miaka mitatu kabla kwa sababu ushauri wake wa usalama haukufuatwa. Bima ya madhara kwa watu wengine iliyokuwepo siku ya mlipuko ilikuwa ya dola milioni 1 tu, ilhali hasara ilipita dola milioni 100.

Wakenya hawana haja ya kwenda mbali. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, gesi ililipuka Embakasi, Nairobi, katikati ya makazi ya watu. Kuna waliopoteza maisha, na mamia walijeruhiwa. Mamlaka ya kudhibiti kawi na petroli, EPRA, ilieleza kwamba maombi ya kujenga kituo cha gesi mahali hapo yalikuwa yamekataliwa mara tatu mwaka 2023.

Huduma za zimamoto ni jukumu la serikali za kaunti, kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba ya 2010. Kikosi cha kaunti kinapopata habari mapema, kazi hubadilika kabisa. Petroli inayowaka ikimwagiwa maji huelea juu yake na kusambaza moto, kwa hiyo gari la povu ndilo hutakiwa. Kabaidi inayotumiwa na mafundi wa kuchomelea vyuma ni mbaya zaidi: ikiguswa na maji hutoa gesi ya asetilini, nayo huwaka kwa ukali. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hutambaa chini na kuingia mitaroni. Moto wa duka la dawa za mifugo na mimea hutoa moshi wenye sumu, na maji yaliyotumika kuuzima yanaweza kuchafua kisima cha jirani.

Kwa upande wa bima, anayeomba hutakiwa kusema yote anayoyajua kuhusu hatari ya mali yake, hata asipoulizwa neno kwa neno. Wajibu huo hauishii siku ya kutia sahihi. Mikataba mingi ya bima ya moto husema kwamba matumizi ya jengo yakibadilika na hatari ikaongezeka bila kampuni kukubali, fidia inaweza kukataliwa. Hapa ndipo wenye nyumba za kupangisha hunaswa. Tuseme jengo liliandikishwa kama duka la nguo. Mpangaji wa nguo anahama, anaingia muuzaji wa rangi, thina na mitungi ya gesi. Kodi inalipwa kila mwezi, hakuna anayelalamika, na bima inahuishwa kwa maelezo yale yale ya zamani. Likiungua, mwenye jengo anaweza kujikuta hana jengo wala fidia, hata kama ni kweli kwamba hakujua kilichoingizwa. Kifungu katika mkataba wa upangaji kinachomlazimu mpangaji kutaja bidhaa za hatari hakina gharama yoyote.

Wapo wanaonyamaza wakihofia malipo ya bima kupanda. Yanaweza kupanda kweli. Lakini anayelipa kidogo kwa maelezo yasiyo sahihi hana uhakika wa kulipwa chochote.

Orodha ya kupeleka kituo cha zimamoto si lazima iwe ndefu. Iandikwe jina la kila bidhaa, kiasi cha juu kinachowekwa kwa wakati mmoja, na sehemu inapokaa, pamoja na mchoro wa mkono unaoonyesha milango, swichi kuu ya stima na mahali pa kupata maji. Namba ya simu ya mwenye ufunguo, hasa wa usiku, ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani. Iambatishwe karatasi ya maelezo ya usalama ya kila kemikali, ambayo msambazaji anatakiwa kuitoa chini ya Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007. Chini ya sheria hiyo, kanuni za kupunguza hatari za moto zinataka mahali pa kazi pakaguliwe angalau mara moja kila miezi 12, na huo ni wakati mzuri wa kusahihisha orodha.

Nakala moja iende kwa kampuni ya bima, nyingine kituoni, na ile ya kituoni ipigwe muhuri wa kupokelewa. Ya tatu ibaki kwa mlinzi langoni, kwa kuwa moto ukizuka usiku yeye ndiye atakayepiga 999 au 112, na ndiye wa kwanza kuulizwa kilichomo ndani.