Kukimbia Dar es Salaam: Mwongozo wa Mgeni Aamkaye Alfajiri

Mgeni ajaye Dar es Salaam na viatu vya mbio mkobani, awe ametoka nchi za baridi au miinuko ya Nairobi na Arusha, aghalabu huuliza kwanza apite njia gani, ilhali swali la kumfaa ni saa ngapi atoke. Kwani katika mji huu njia ileile ambayo alfajiri hukupa raha isiyo kifani, ikifika saa tatu asubuhi hugeuka ikawa adhabu. Mimi nilihamia hapa kutoka Lushoto, ambako mtu aweza kukimbia hata karibu na adhuhuri shati likabaki kavu mgongoni, na kwa ugeni wangu nikadhani kwamba mwenye kuipanda milima ya Usambara hatashindwa na mji uliokaa usawa wa bahari. Wiki ya tatu nilikuwa nachechemea. Haya niandikayo ni mavuno ya miaka ya kujifunza upya, na nayatoa kwa mapenzi niliyo nayo kwa mji ulionitesa kabla ya kuniteka moyo.

Jua la Dar es Salaam huchomoza karibu na saa kumi na mbili na robo, na tofauti ya mwezi mmoja na mwingine haifiki saa nzima. Atokaye saa kumi na moja na nusu ana zaidi ya saa moja na nusu ya hewa ya kuvumilika. Baada ya saa moja na nusu asubuhi hasara huanza kupita faida. Wageni wengi huogopa jua, nao hawakosei, lakini adui mkubwa zaidi ni unyevu wa hewa, maana jasho hupoza mwili kwa kukauka, na jasho la hapa halikauki, hutiririka tu mpaka viatuni. Damu ambayo ingekwenda misulini hupelekwa kwenye ngozi kutoa joto, moyo hupiga kwa haraka, na mwendo uliouzoea kwenu hukuchosha kama mwendo wa mashindano. Mwili huhitaji kadiri ya siku 10 hadi 14 kuizoea hali hii. Katika siku hizo saa ya mkononi iache chumbani, na kipimo chako kiwe ulimi: ukishindwa kumaliza sentensi nzima bila kukata pumzi, unakwenda mbio kupita kiasi, hata kama miguu inadai kwamba inaweza.

Asiyeamini na amtazame Alphonce Simbu. Mnamo Septemba 2025 huko Tokyo, katika joto na unyevu usio mbali na wetu, Mtanzania huyu alishinda marathoni ya mashindano ya dunia kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, muda uleule ulioandikwa kwa Amanal Petros wa Ujerumani aliyemfuata, hata ikabidi picha ya mstari wa mwisho iamue baina yao. Muda huo uko dakika kadhaa nyuma ya muda wake bora, wala haumpunguzii heshima hata chembe. Alijua siku ile ni ya kusubiri, akasubiri mpaka hatua za mwisho. Juma Ikangaa, aliyeshinda New York mwaka 1989 na kushika nafasi ya pili Boston miaka 3 mfululizo, 1988 hadi 1990, alikuwa mtu wa kushika uongozi tangu mwanzo, na moyo wake huo nauheshimu mno. Lakini mgeni asimwige katika wiki yake ya kwanza hapa.

Mwenye hiari ya kuchagua majira na aje wakati wa kipupwe, Juni hadi Agosti, kusi inapovuma na usiku kupoa. Kaskazi, Desemba hadi Machi, ni ya waliozoea. Masika yana hatari yake peke yake, nayo si mvua bali maji yaliyosimama barabarani yakafunika mitaro isiyo na mifuniko. Usitie mguu katika maji usiyoona chini yake.

Sasa nifike Coco Beach, ambayo kila mwenyeji atakutajia kwanza kwa sauti ya fahari. Ni pahali pazuri pa mihogo ya kukaanga, mishikaki na upepo wa jioni, na kwa hayo sina ugomvi napo. Ila kwa mkimbiaji sifa zake zimezidi ukweli, na ni wajibu wangu kueleza sababu, maana ni mchanga wake ulionijeruhi. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kadiri ya dakika 50. Siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, ndipo bahari hurudi nyuma sana na kuacha mchanga mpana, mgumu, wa kuvutia nyayo. Lakini katika pwani hii kupwa kwa bamvua huangukia karibu na saa nne asubuhi, jua likiwa limekwisha kuwa kali. Na siku ambazo maji hupwa alfajiri, aghalabu ni siku za maji mafu, ambapo bahari hairudi mbali, na mchanga mgumu unaobaki ni utepe mwembamba ulioinama kuelekea majini. Basi unapotaka baridi hupati uwanja, na unapopata uwanja huna baridi.

Nilikimbia juu ya utepe huo, miguu mitupu, kilomita 10, nikiamini kwamba mchanga ni laini na kwa hiyo ni rehema kwa viungo. Kumbe mteremko humfanya mkimbiaji awe na mguu mmoja juu na mmoja chini mwendo wote, nyonga ikapinda; na kila ukiacha mchanga mgumu ukaingia mlaini, kisigino huzama kabla ya vidole, na kano ya kisigino huvutika kupita desturi yake. Asubuhi ya pili sikuweza kushuka ngazi. Wiki 6 nilikaa bila mbio. Ukipenda mchanga, upite kwa matembezi ya dakika 10 baada ya mbio, uende na kurudi ili kila mguu upate zamu ya kuwa juu, na viatu viwe miguuni.

Sikulaumu mchanga peke yake. Nilikuwa nikirusha hatua ndefu, kisigino kikitua mbele ya mwili, na hatua ya namna hiyo ni breki ambayo goti na muundi hulipa gharama yake. Rafiki mmoja aliyekulia katika riadha ya jeshi aliniambia nifupishe hatua na kuziongeza idadi, unyayo utue chini ya nyonga, mabega yalegee, na nisiongeze mwendo wa wiki moja juu ya nyingine kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Kwa shauri hilo nimekimbia miaka bila kuumia. Jambo la viatu pia si dogo. Raba za mitumba huvutia kwa bei, na sura zake huweza kuwa za kupendeza, lakini povu la soli huchakaa kabla ya ngozi ya juu; ukikibonyeza kisigino kwa dole gumba kikawa kigumu kama ubao, au soli ikawa imelika upande mmoja kwa mwendo wa mtu mwingine, kirudishe mezani ushukuru. Njoo na viatu vyako.

Njia niipendayo kuliko zote ni ya Jumapili alfajiri, wakati katikati ya mji, ambapo siku za kazi hapapitiki, huwa patupu kama ua uliokwisha kufagiwa. Anzia Sanamu ya Askari, iliyosimama hapo tangu 1927, ushuke hadi Kivukoni, ambapo utasikia kelele za soko la samaki la Feri kabla ya kuliona; upite kando ya Ikulu bila kusimama na bila kutoa simu kupiga picha; kisha ushike Barabara ya Barack Obama, bahari ikiwa kuliani kwako, hadi Hospitali ya Ocean Road, ambayo jengo lake la kale ni la enzi za Wajerumani, na uendelee mpaka Daraja la Tanzanite. Daraja hili, lililofunguliwa mwaka 2022, lina urefu wa kilomita 1 na ziada kidogo, limepita juu ya maji hadi upande wa Oysterbay, na mtu alikimbiaye wakati anga la mashariki linaanza kuwa jekundu hupata thawabu ya kuamka kwake. Lakini halina kivuli hata cha kumfunika paka, na saa mbili asubuhi zege lake hukurudishia joto usoni. Wale wanaolisifu kwa picha za mchana hawajalikimbia mchana. Mwendo huo mzima mpaka Coco haupungui kilomita 6.

Kwa siku nyingine nenda Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Huko kuna miti, vilima vya kutia nguvu mapajani, na magari machache yaendayo taratibu; nashangaa kwamba vitabu vya wasafiri hupataja kwa sentensi moja au hupasahau kabisa. Masaki ni tambarare na watu wake ni wema, ila kingo za barabara zimeinama na njia za miguu hukatika ghafula mbele ya geti la mtu. Magari yetu hupita kushoto, kwa hiyo kimbia kulia uyaone yanayokuja, na hata hivyo tega sikio nyuma, kwani bodaboda hazifuati upande. Katika njia ya mabasi ya mwendokasi usikanyage kamwe, hata ikiwa tupu.

Juu ya bodaboda nina malalamiko ya haki. Saa kumi na moja alfajiri daladala ni chache, na mwenye pikipiki akimwona mtu amevaa kaptura na raba mpya hutaja bei ya ugeni: niliwahi kuambiwa shilingi 10,000 kwa mwendo ambao mchana nalipa 3,000, na kwa kuwa mbio zilikuwa zinakaribia kuanza nililipa kwa uchungu. Tangu hapo hupatana na dereva mmoja jana yake jioni, nikachukua namba yake, na bei ikawa imekwisha kusemwa. Wewe fanya hivyo, au lala karibu na mahali pa kuanzia. Chumba cha kawaida cha karibu ni bora kuliko chumba cha fahari kilicho mbali. Simu usiishike mkononi barabarani, maana wako wanaopora wakiwa juu ya pikipiki. Itie katika mkanda wa kiunoni ndani ya fulana, pamoja na noti chache na karatasi yenye jina lako na namba ya mtu wa kupigiwa.

Mbio za mashindano hapa ni nyingi, karibu kila msimu, nazo zote huitwa marathoni, iwe kilomita 5, 10 au 21. Jambo hili hunikera kwa dhati, kwa sababu marathoni ina urefu wake, kilomita 42 na mita 195, na mgeni aliyekuja kwa ajili ya umbali huo huweza kujikuta katika matembezi ya hisani. Soma tangazo mpaka mwisho kabla hujalipa. Na unapolipa, usimpe mtu fedha mkononi, hata akiwa amevaa fulana ya mashindano yenyewe: mimi nilimpa mmoja, akaniandikia risiti kwa mwandiko mzuri, na siku ya mbio jina langu halikuwemo katika daftari lolote. Lipa kwa njia iliyotangazwa, usubiri ujumbe wenye jina la mpokeaji, na uchukue namba yako ya kifuani siku moja kabla. Atakaye marathoni kamili katika nchi hii bila mashaka na aende Moshi, ambako Kilimanjaro Marathon imekuwa ikikimbiwa tangu 2003, mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, ajue tu kwamba kuna mlima wa kupanda.

Maji utayapata kila kona. Dafu ni kinywaji bora baada ya mbio, lakini chumvi yake ni haba kuliko ile inayokutoka kwa jasho, kwa hiyo tia chembe ya chumvi au ule kitu chenye chumvi pamoja nalo; kunywa maji matupu mengi kupita kiu katika mbio ndefu ni hatari ya kweli. Mwezi wa Ramadhani, ukipita mitaani mchana, kunywa kwa kujisitiri, kwa adabu ya walio katika saumu.

Nimeweka mwisho lile ninalolipenda zaidi. Jumamosi na Jumapili alfajiri, Temeke, Mbagala, Kinondoni na Kigamboni, utasikia filimbi na kiitikio cha watu wengi kabla ya kuwaona: ni vikundi vya jogingi, wanaume kwa wanawake, vijana na wazee, wamevaa fulana za rangi moja, wakikimbia kwa wimbo kama mchakamchaka wa shuleni. Mwendo wao ni wa taratibu, na lazima uwe hivyo, kwa sababu mtu hawezi kuitikia wimbo huku pumzi zimemwishia. Hivyo ndivyo wanavyokupa bure kile kipimo cha ulimi nilichokitaja hapo mwanzo. Usikimbie kando yao ukiwapita kwa mbwembwe. Waamkie wakubwa shikamoo, uombe ruhusa kwa mwenye filimbi, uingie mstari wa nyuma, na uitikie hata kama maneno huyajui, utayashika kabla ya kilomita ya pili. Wakimaliza hukaa pamoja kwa supu na chapati. Toa mchango wako kama wengine, kunywa supu ingali moto, na uwe umefika kivulini kabla ya saa tatu.