Wingu la Kompyuta na Programu Huria
Wengi hapa Waa hudhani wingu la kompyuta liko juu angani. La hasha! Ni kompyuta za watu wengine, tunazifikia kwa intaneti. Hesabu za wagonjwa wa zahanati zetu za Kwale huingizwa humo kwa DHIS2, programu huria ya Chuo Kikuu cha Oslo, ambayo Kenya iliieneza nchi nzima mwaka 2011.

Programu ni bure, lakini seva, umeme na fundi si bure (hapo ndipo penye kazi!). Tena wenyewe waweza kugeuza leseni. Redis ilibana yake Machi 2024. Mwezi huohuo wengine wakachukua maandishi yake ya zamani, wakaanzisha Valkey. Mwaka 2025 Redis ikarudi kuwa huria. Kwa maoni yangu, haki hiyo ya kunakili ndiyo kinga yetu, mradi tuwe na wanaojua kuyasoma hayo maandishi.