SOMO LA AFYA: MWENYE KISUKARI NA DAWA ZA PUA NA MASIKIO



Katika mikutano yetu hapa Magara tumezoea kuzungumza mshahara, saa za kazi na mikataba. Mara hii nataka tuzungumze vidonge. Sababu ni jambo lililompata mwenzetu mmoja, mkata mikungu ya michikichi, ambaye nusura apoteze kazi kwa ajili ya dawa ya mafua. Jina lake silitaji, wala shamba alikokuwa akifanya kazi. Yeye mwenyewe ameniruhusu nieleze habari yake.

Ndugu huyu ana kisukari, aina ile inayowapata watu wazima. Kila siku humeza metformini na glibenklamidi, na kwa muda mrefu hali yake ilikuwa nzuri. Wakati wa kiangazi, vumbi lilipozidi, pua iliziba, paji la uso likauma, na sikio la kushoto likawa linavuma kama la mtu aliyepiga mbizi ziwani. Akaenda kwenye duka la dawa kando ya barabara. Hakusema kwamba ana kisukari, wala muuzaji hakumwuliza. Akapewa vidonge bila sanduku, vimefungwa katika karatasi, na chupa ya dawa ya maji, tamu, ya kunywa mara tatu kwa siku.

Siku ya pili pua ikafunguka, naye akamsifu sana muuzaji. Siku ya nne akawa anakunywa maji bila kushiba, na kila nusu saa anatoka mstarini kwenda kukojoa. Kapita akaandika kwamba huyu anakimbia kazi. Halafu macho yakaingia ukungu. Mtu aliye juu ya mchikichi, mkanda kiunoni na panga mkononi, haoni vizuri! Hapo sina haja ya kuwaeleza zaidi.

Alipokuja kwangu na barua ya onyo, mimi nilidhani ni shauri la nidhamu kama mengine. Nilipomwuliza kwa nini alikuwa anatoka mstarini, akaona haya kusema. Nilimwuliza mara tatu. Ndipo tukaenda pamoja kituo cha afya. Alipimwa mchana, sukari ikaonekana imepita 400. Ajabu ni kwamba siku moja kabla yake alikuwa amepimwa asubuhi, tumbo tupu, na kuambiwa hali si mbaya.

Mimi si mganga, na shule niliishia ya msingi. Haya yafuatayo niliyapata kwa kumwuliza muuguzi, na kuuliza tena mpaka nikaelewa. Nanyi yawafaa kuyajua, kwa maana wenye kisukari miongoni mwetu ni wengi kuliko wanaojitaja.

Kwanza tujue kwa nini pua na sikio huugua pamoja. Nyuma ya paji la uso na nyuma ya mashavu mna mapango madogo ya hewa yanayofunguka ndani ya pua. Waganga huyaita sinusi. Tena nyuma ya pua kuna kijia chembamba kinachokwenda mpaka ndani ya sikio. Mafua yakivimbisha njia hizo, uchafu hukosa pa kutokea: uso unauma na sikio linaziba.

Kwa mwenye kisukari ugonjwa wenyewe tayari ni mzigo. Mwili unapopigana na vijidudu hutoa sukari zaidi katika damu, hata kama mtu hajala kitu. Na damu yenye sukari nyingi huwadhoofisha askari wa mwili, kwa hiyo vijidudu hustawi. Basi asije mtu akasema, "Mwandishi wa chama ametukataza dawa za mafua." Sikatazi. Pua na sikio vitibiwe, na mapema. Lakini zitibiwe kwa dawa inayojua kwamba mwenye mwili ana kisukari.

Vidonge alivyopewa ndugu yetu vilikuwa prednisoloni. Hii ni ya ukoo wa dawa ambazo wengi wetu huziita kotizoni, pamoja na deksamethasoni na betamethasoni. Zinapunguza uvimbe upesi sana, ndiyo maana pua hufunguka na mgonjwa akafurahi. Lakini huliamuru ini litoe sukari, na wakati huo huo huizuia insulini kufanya kazi yake. Sukari huanza kupanda baada ya saa chache. Aliyemeza asubuhi, sukari yake hupanda zaidi mchana na jioni, na kufikia alfajiri inaweza kuwa imeshuka tena. Hapo ndipo ndugu yetu alipodanganyika: kipimo cha asubuhi hakikuona kitu. Ukiwa unameza dawa hizi, pima pia baada ya chakula cha mchana na kabla ya chakula cha jioni.

Kuna na sindano ya kotizoni ya kukaa muda mrefu. Kidonge waweza kuacha kukimeza kesho. Sindano ikishaingia hairudi, na sukari inaweza kusumbua siku nyingi. Usikubali kuchomwa kabla hujasema una kisukari. Dawa ya kupuliza puani ya ukoo huo huo ni shauri jingine, kwa sababu sehemu kubwa hubaki puani na ni kidogo tu kinachoingia katika damu. Mara nyingi mwenye kisukari hupewa hiyo. Kwenye sanduku, majina ya ukoo huu mengi huishia na "sone" au "solone". Ukiyaona, uliza. Na kama daktari ndiye aliyekuandikia vidonge hivyo naye anajua una kisukari, vimeze kama alivyosema, umwulize tu kama dawa yako ya sukari iongezwe kwa siku hizo. Aliyevimeza majuma kadhaa asiviache ghafla kwa uamuzi wake mwenyewe.

Ukoo wa pili ni vidonge vya kufungua pua, kama pseudoefedrini na fenilefrini. Hivi hukaza mishipa ya damu ili uvimbe wa pua upungue. Havichagui mishipa ya pua peke yake. Hukaza ya mwili mzima, shinikizo la damu likapanda, moyo ukaenda mbio, na sukari nayo yaweza kupanda kidogo. Wengi wenye kisukari wana shinikizo la damu pia, na kwao hatari kubwa ni hiyo ya shinikizo. Huko Ufaransa, tangu Desemba 2024, vidonge vya pseudoefedrini haviuzwi tena bila karatasi ya daktari, kwa kuhofia maradhi ya moyo na ya mishipa ya ubongo. Mara nyingi dawa hii huchanganywa ndani ya vidonge vya mafua vyenye majina ya kupendeza, nawe huijui mpaka usome maandishi madogo. Matone ya kufungua pua yana madhara machache, lakini yasizidi siku tatu hadi tano; yakizidi, pua huziba tena kuliko mwanzo.

Dawa za maji ni tamu kwa sababu nyingi zimetiwa sukari. Omba vidonge, au dawa ya maji isiyo na sukari. Na hapa nitaje asali, kwa maana wazee wetu wanaisifu kwa kifua: asali ni sukari, hata ikitoka msituni. Maumivu ya uso na sikio yanatosha parasetamoli kwa kipimo chake. Aspirini nyingi yaweza kuishusha sukari ya mtu anayemeza glibenklamidi.

Mpaka hapa nimesema sana juu ya dawa zinazopandisha sukari. Zinazoishusha ndizo zinazomwangusha mtu mtini. Baadhi ya dawa za kuua vijidudu huipa glibenklamidi nguvu kupita kiasi. Mojawapo ni kotrimoksazoli, ile ambayo wengi wanaijua kwa jina la Bactrim. Nyingine ni klaritromisini. Siprofloksasini ya kumeza yaweza kuishusha au kuipandisha. Hatari huongezeka kwa mzee, kwa mwenye figo dhaifu, na kwa mgonjwa asiyeweza kula. Amoksilini kwa kawaida haina ugomvi huo, na ndiyo hupewa wengi wenye sinusi au sikio, isipokuwa mtu ambaye mwili wake unaikataa.

Sukari ikishuka, mtu hutoka jasho la baridi, hutetemeka, moyo humwenda mbio, husema maneno yasiyopangika. Wenzake husema ni malaria, au tangu asubuhi ameonja urwarwa. Tena kuna vidonge vya kukausha mafua, kama klorofenamini, vinavyoleta usingizi, na usingizi huo huweza kuzificha dalili hizo. Anayemeza hivyo asipande mti, asisimame kwenye mashine ya kukamua mawese, asiendeshe gari. Aombe kazi ya chini siku hizo. Mwenzako akiwa katika hali hiyo na hakuna mashine ya kupimia, mhesabu kuwa sukari imeshuka. Mpe vijiko 3 vya chai vya sukari katika maji, au nusu ya chupa ndogo ya Fanta. Mashine ikiwepo, chini ya 70 ni hatari. Mashine nyingine huandika 0.7, na nyingine 3.9, maana ni ile ile. Baada ya dakika 15 pima tena, rudia kama bado. Akipata nafuu ale chakula, muhogo, maharage, kilichopo. Asiachwe peke yake, na apelekwe kituo cha afya, kwa sababu glibenklamidi hukaa mwilini na sukari yaweza kushuka tena usiku. Aliyezimia usimtilie kitu mdomoni. Mlaze ubavu, mkimbizeni hospitali.

Usiache dawa zako za sukari kwa sababu tu umeongezewa za pua. Anayejichoma insulini asiiache kabisa, hata akiwa hana hamu ya kula. Lakini kama unatapika, au huwezi kula wala kunywa, usikae nyumbani ukikisia vipimo. Siku hiyo hiyo nenda uambiwe upunguze nini na uache nini. Nenda pia ikiwa sukari imepita 300 na haishuki.

Kuna ya kufanya nyumbani yasiyogusa sukari. Chemsha maji, yapoe, nusu lita utie kijiko kimoja cha chai cha chumvi kisichojaa, uoshee pua. Yawe yaliyochemshwa, sisi wa pwani ya Tanganyika tumezoea kuchota ziwani na kutumia, lakini kwa kazi hii hapana. Mvuke wa maji ya moto na chai ya tangawizi isiyo na sukari humpa mtu nafuu.

Sikio la mwenye kisukari lataka heshima ya pekee. Usilichokoe kwa njiti ya kiberiti wala unyoya wa kuku. Usikubali lioshwe kwa maji ya kusukumwa kwa nguvu na mtu asiyejua una kisukari. Ukioga ziwani, likaushe. Kuna vijidudu vinavyoishi majini ambavyo kwa mwenye kisukari, hasa mtu mzima, huweza kutoka katika tundu la sikio na kuingia mfupa wa kichwa. Dalili yake ni maumivu makali kuliko ya sikio la kawaida, yanayomnyima mtu usingizi, pamoja na usaha. Upande mmoja wa uso ukilegea, mdomo ukapinda, mambo yamefika mbali. Hiyo si ya duka la dawa. Ni ya hospitali, na matibabu yake ni ya majuma mengi.

Upande wa pua nako kuna jambo la kuogopwa. Mwaka 1921 huko Toronto, Kanada, ilipatikana insulini, na tangu hapo kisukari kikawa ugonjwa wa kuishi nao. Lakini miaka 100 baadaye, mwaka 2021, zaidi ya watu 40,000 nchini India walipatwa na kuvu inayokula pua, sinusi na jicho. Wengi wao walikuwa na kisukari, na walikuwa wametibiwa korona kwa dawa za ukoo wa kotizoni. Ni ugonjwa wa nadra. Hata hivyo ukiona uvimbe upande mmoja wa uso, jicho limevimba au laona viwili viwili, au uchafu mweusi puani au kwenye kaakaa, usingoje asubuhi.

Turudi kwa ndugu yetu. Prednisoloni aliimeza siku chache tu, kwa hiyo muuguzi aliisimamisha, na sukari yake ikarudi chini katika juma moja. Akapewa amoksilini na maji ya chumvi, sikio likapona. Muuguzi aliandika karatasi kwamba kukojoa sana na macho kuwa na ukungu kulitokana na ugonjwa. Niliipeleka mwenyewe ofisini, tukabishana asubuhi nzima, barua ya onyo ikaondolewa. Mshahara wa siku mbili zilizokatwa haujarudishwa mpaka leo; shauri hilo bado tunalo. Kama angeomba karatasi siku ya kwanza, tusingebishana hata saa moja. Ukienda kutibiwa, omba karatasi yenye tarehe, uipeleke kazini kabla kapita hajaandika yake.

Na jambo la mwisho, ambalo ndugu yetu sasa analifanya. Amekata kipande cha katoni ya sabuni, akaandika: Nina kisukari. Nameza metformini na glibenklamidi. Upande wa pili ameandika kipimo cha kila dawa na namba ya simu ya mkewe. Akifika duka la dawa hasemi neno, hukiweka mezani kwanza. Wasiojua kuandika waje kwangu Jumamosi baada ya malipo, nitawaandikia, waje na masanduku ya dawa zao.