Mdogo Wangu wa Ilula, Usiiuze Hilux kwa Sababu ya Moshi

Barua yako nimeisoma mara mbili, mdogo wangu, na bado kuna kitu hukuniambia: huo moshi ni wa rangi gani? Umesema Hilux yako ni D-4D ya 2008, ile ya cc 2,494, inabeba matenga ya nyanya. Asubuhi inagonga, inatetemeka, inafuka moshi uwanja mzima. Fundi amesema injini imekufa, nunua nyingine. Shemeji amesema uza, chukua mpya ya mkopo. Na huyo huyo shemeji ameshakupatia mteja! Jamani. Tuanze na moshi, shemeji tutamfikia.

Moshi mweupe wa asubuhi unaopungua injini ikipata moto, tena ukiambatana na kugonga, mara nyingi ni nozeli. Mweupe usiokoma, na rejeta inaishiwa maji bila kuvuja popote, hapo ishuku gasketi ya hedi. Mweusi maana yake dizeli imezidi hewa: angalia filta ya hewa kwanza, maana vumbi la barabara za shambani huko kwenu nalijua, kisha mipira ya turbo kama haijapasuka. Wa buluu maana yake injini inakula oili, na huo ndio wa kukukosesha usingizi.

Mimi nazishuku nozeli. Injini yako si kama zile 3L na 5L walizoendesha wazee wetu, ambazo fundi alizisikiliza kwa sikio tu akajua kinachozisumbua. Tairi la gari lako lina bar 2 na ushee. Ndani ya reli inayopeleka dizeli kwenye nozeli za D-4D, presha inaweza kupita bar 1,000. Matundu ya nozeli ni madogo mno. Sasa weka humo dizeli ya dumu uliyonunua pembezoni mwa barabara kuu kwa sababu ni rahisi kidogo, yenye maji na mchanga chini, halafu useme Toyota wameharibika siku hizi. Afrika Mashariki tangu 2015 tumehamia dizeli ya salfa ndogo, ya kiwango cha sehemu 50 kwa milioni, lakini kiwango hicho ni cha kituoni. Dumu halina kiwango.

Kwa hiyo kabla ya kutoa hata shilingi, mtafute fundi mwenye mashine ya kupimia. Sisemi fundi wako ni mwongo, ila mtu aliyetamka kifo cha injini bila kupima simwamini. Mwambie akuonyeshe kwenye kioo cha mashine namba za kila silinda, zile za masahihisho ya dizeli, injini ikiwa ya moto na inanguruma bila kukanyagwa. Zikiwa karibu na sifuri, nozeli ni nzima. Moja ikiruka kupita 3, juu au chini ya sifuri, umeshampata mchawi. Simama hapo hapo, uzione kwa macho yako, uzipige picha kwa simu. Usikubali kuambiwa "mama, kaa pale kwenye benchi, tutakuita."

Ukikuta ni nozeli, kuna mambo mawili ambayo gereji za haraka huyaruka. La kwanza ni zile washa zinazokaa chini ya kila nozeli. Ni vitu vidogo, vya bei ndogo, na ndivyo vinavyoua injini hizi. Washa ikivujisha, masizi ya moto yanaingia kwenye oili, oili inakuwa nzito kama lami, na chujio lililo ndani ya sampu linaziba. Injini inakosa oili huku taa haijasema kitu. Kwa hiyo nozeli zikitolewa, washa ziwe mpya, na sampu ifunguliwe mwone hilo chujio. Likiwa jeusi tii, umeponea chupuchupu. La pili, nozeli mpya ina namba ndefu imechapwa juu yake, na namba hiyo lazima iingizwe kwenye kompyuta ya gari kwa ile mashine. Anayefunga tu na kuwasha atakurudishia gari linalotetemeka vilevile, na atakwambia umeuziwa spea feki.

Ukiwa hapo, uliza habari ya taimingi belti. Taa ya T-BELT kwenye matoleo mengi huwaka kila kilomita 150,000, mengine 100,000, kitabu cha gari lako kitakwambia. Kuna watu wanaizima taa bila kubadili mkanda. Ukikatika ukiwa unashuka mlima wa Kitonga na mzigo, hapo kweli utahitaji injini.

Na tuseme imefikia huko. Injini inabadilishwa, mdogo wangu, gari likaendelea na maisha. Gerezani pale Kariakoo utapata ya mtumba, lakini omba kuisikia ikiwaka kabla hujalipa, na udai dhamana iliyoandikwa. Namba ya injini ipo kwenye kadi ya gari, kwa hiyo ukifunga nyingine nenda TRA wakubadilishie kumbukumbu, ukiwa na risiti. Usiponisikiliza leo, utanikumbuka siku ya kuuza.

Kisichobadilika kirahisi ni chesisi. Hiyo ndiyo itakayokwambia ubaki au uachane na gari. Chukua bisibisi na kipande cha boksi, lala chini ya gari mwenyewe, usimtume mtoto. Gonga nyuma ya kebini, kisha pale springi zinaposhikwa. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti ya kufa na bisibisi inazama. Halafu simama pembeni, mbali kidogo, uangalie mwanya kati ya kebini na bodi la nyuma. Ukiwa mpana juu na mwembamba chini, chesisi imepinda, na najua sababu. Hilux hubeba tani moja hivi. Ninyi mnaongeza springi, mnapakia lumbesa mpaka taa za mbele zinamulika nyota. Chesisi ikiwa imepasuka na kuchomelewa zaidi ya mara moja, usiweke nozeli mpya humo. Hapo nitakuwa upande wa shemeji.

Upande wa shemeji una hesabu zake, hata hivyo. Gari jipya la mkopo lina rejesho kila mwezi na bima kubwa juu yake, hata ule mwezi ambao tenga la nyanya halilipi gharama ya kuchuma. Hilux yako mbovu haikudai kitu ikiwa imelala. Lakini pia ilipolala katikati ya msimu ulikodi gari la watu, na nyanya nyingine zikaozea shambani. Hizo hela umeziandika? Chukua daftari, andika matengenezo upande mmoja na siku za kulala upande wa pili, msimu mzima. Siku za kulala zikigharimu kuliko rejesho, badilisha gari. Matengenezo peke yake, hata yawe makubwa namna gani, mara chache yanafikia rejesho la mwaka.

Kaka wa Morogoro naye ameandika, ameonyeshwa Hilux Vigo ya 2010 "imetoka Japani, mkononi mwa mzee mmoja." Kaka yangu, Toyota iliacha kuuza Hilux Japani mwaka 2004 na ikairudisha 2017. Ya 2010 ina uwezekano mkubwa imetoka Thailand au Uingereza, na ikiwa ya Uingereza, rudia habari ya bisibisi, maana huko barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi. Hizo za Japani za 2017 na kuendelea ni nzuri, ila zina chujio la masizi kwenye ekzosi na tangi la AdBlue. Ukiwa na safari fupi fupi za sokoni na nyumbani, chujio litaziba. Kodi ikadirie kwenye mfumo wa TRA mtandaoni kabla hujatuma hela. Gari kuukuu hutozwa ushuru wa ziada. Wasomaji wa Kenya hilo haliwahusu: kwenu likizidi miaka minane haliingii kabisa.

Sasa, mdogo wangu, shemeji na mteja wake. Wasubiri mpaka upimiwe. Ukishapata karatasi ya vipimo na picha za chesisi mkononi, mwambie mteja aje na bei yake, na azungumze na wewe, shemeji akiwa hayupo.